Ndege Asiyeliwa Ana Faida Gani?



Sisi watu wa Kagera tukitazama juu, mara nyingi kuna tunachotafuta. Tunatazama kama mvua inakuja. Msimu wa senene ndio usiseme: wazee kwa watoto, macho yote hewani. Ila kukaa kumtazama ndege asiyeliwa wala kuuzwa, wengi tunaona hiyo ni kazi ya wageni wenye darubini wanaokwenda msitu wa Minziro.

Julai iliyopita, kiangazi kimekolea, nilikaa asubuhi nzima na vijana wachache ufukweni huku Muleba, tukiangalia ndege wa ziwani. Minandi walikuwa wameanika mabawa juu ya mawe. Furukombe akashuka, akanyakua samaki, akaondoka zake. Kijana mmoja akauliza, "Frateri, huyo angalau kapata kitoweo. Sisi hapa tunapata nini?" Tukacheka. Lakini swali ni zito.

Mtakatifu Thomas wa Akwino anatofautisha mema ya aina tatu: linalofaa kwa kupatia kitu kingine, linalofurahisha, na lililo jema lenyewe. Jembe ni jema kwa sababu ya shamba. Je, rafiki? Ukimpenda kwa sababu ana pikipiki, siku ikiharibika utajua ulikuwa unapenda pikipiki.

Sasa fikiria kindege mmoja wa rangi ya kijani na njano, gramu 10 hivi, kitaalamu Phylloscopus trochilus. Wakati sisi tuko ufukweni Julai, yeye yuko misitu ya kaskazini, Finland au Urusi, anakolea makinda. Baadaye anavuka Sahara kuja Afrika, na wengine wanafika Afrika Mashariki. Akitua kwenye mti nyuma ya nyumba, hakuna anayemjua. Je, hana thamani mpaka sisi tumpatie matumizi? Papa Fransisko katika Laudato Si' (2015) anakataa: viumbe vina thamani vyenyewe, mbele ya Mungu, kabla ya faida yetu.

Kuna atakayesema, "Hiyo falsafa ni ya walioshiba." Ni hoja ya haki. Mkulima ambaye mtama wake unaliwa na ndege hawezi kuwashangilia, na kula senene si dhambi. Lakini soma tena Mathayo 6. Yesu anawaambia watu wawatazame ndege, na anawaambia hao hao wanaohangaikia chakula na mavazi. Hakusubiri washibe kwanza.

Tena linganisha Mathayo 10:29 na Luka 12:6. Kwa Mathayo, shomoro wawili ni senti moja. Kwa Luka, watano ni senti mbili. Piga hesabu: wa tano ni nyongeza, kama nyanya ile mama wa gengeni anayokutupia kwenye mfuko. Sokoni bei yake ni sifuri. Na Yesu anasema hata huyo Mungu hamsahau.

Hapa ndipo penye hatari yetu. Anayezoea kuuliza "ana faida gani?" kwa kila kiumbe, ataliuliza siku moja kwa bibi asiyeweza tena kulima, kwa mtoto mwenye ulemavu, kwa mimba isiyopangwa, kwa kaka aliyerudi kutoka mjini mikono mitupu. Kila familia ina shomoro wake wa tano. Macho yaliyojifunza kumtazama ndege bila kumdai kitu yanaanza kuweza kumtazama na mtu hivyo hivyo.

Kwa hiyo wiki hii fanya mambo mawili. Kaa dakika 15 bila simu, umtazame ndege mmoja mpaka aruke. Halafu nenda kamtembelee mtu ambaye hana cha kukupa. Usibebe shida yako, usiombe kitu. Kaa naye tu.

Tafakari njema, na Mama Maria atuombee.