Wale Kumi na Wanane wa Siloamu na Wafu Wetu wa Irumu

Somo: Luka 13:1-5



 Amani ya Kristo iwe nanyi, ninyi wa Bunia, wa Komanda, wa Bogoro na wa Gety, na ninyi mnaolala kambini kwa sababu kijiji chenu hakina mtu tena.

Leo tunasema juu ya ulizo ambalo wengi wanalinong'ona usiku na wachache wanathubutu kulitoa mbele ya kanisa: Ikiwa Mungu anatupenda, mbona tunateswa hivi?

Tumesukumwa kusema kwa sababu ya kosa letu wenyewe. Siku moja ya ushuhuda, ndugu mmoja alisimama akamshukuru Mungu kwamba wakati wa vita yeye na nyumba yake walipita kati ya adui bila kuguswa. Tukaimba, wamama wakapiga vigelegele. Naye akaongeza: "Mwenye imani kamili panga halimpati." Sisi sote tukajibu: Amina!

Karibu na mlango aliketi mama mmoja aliyezika watoto wake wawili katika vita hivyo hivyo. Jumapili iliyofuata hakuja. Tulipomfikia nyumbani alituuliza neno moja tu: "Je, mimi sikuomba?" Tukainamisha vichwa. Aliomba. Sisi wenyewe tuliomba pamoja naye.

Wapendwa, ile Amina yetu ilikuwa dhambi. Haya, tusikie Bwana anasema nini.

Watu walimletea Yesu habari za Wagalilaya waliouawa na Pilato wakiwa katika kutoa sadaka zao. Yesu aliyajua mawazo ya mioyo yao. Akawakumbusha pia watu 18 walioangukiwa na mnara kule Siloamu. Akauliza kama hao walikuwa wakosaji kupita wengine wote wa Yerusalemu. Akajibu mwenyewe: Sivyo. Kisha akawaambia waliobaki hai kwamba wao ndio wanaopaswa kutubu. Angalieni vizuri! Wafu hakuwahukumu. Toba aliidai kwa wazima.

Sasa tutazame Irumu yetu. Tarehe 5 Septemba 2002 Nyankunde ilishambuliwa. Kwa siku chache watu zaidi ya 1,000 waliuawa, hata wagonjwa waliuawa vitandani, katika hospitali ambamo jina la Yesu lilihubiriwa kila siku. Tarehe 24 Februari 2003 ikawa zamu ya Bogoro, na wengine walikufa ndani ya vyumba vya shule walimokimbilia. Usiku wa kuamkia tarehe 31 Mei 2021, Boga na Tchabi zilipoteza watu zaidi ya 50. Nani kati yetu atasimama juu ya makaburi hayo aseme kwamba waliolala humo walipungukiwa imani? Bwana amekwisha kujibu: Sivyo.

Tena, sisi wa makanisa ya kinabii tunapaswa kulijua jambo hili kuliko wengine. Tarehe 6 Aprili 1921, Simon Kimbangu wa Nkamba alimwekea mikono mwanamke mgonjwa, naye akapona. Ndivyo inavyoshuhudiwa hata leo. Maelfu wakaacha kazi, wakamfuata. Hata mwaka haukuisha. Mwezi wa Septemba wakoloni walimkamata, na tarehe 3 Oktoba 1921 wakamhukumu viboko 120 na kifo. Mfalme wa Ubelgiji akaigeuza hukumu ya kifo kuwa kifungo cha maisha. Alifungwa miaka 30 kule Elisabethville, mji tunaouita leo Lubumbashi, akafia kifungoni tarehe 12 Oktoba 1951. Mikono iliyowainua wagonjwa haikufungua mlango wa gereza lake. Je, yeye naye alikosa imani? Kama mateso ni alama ya kuachwa na Mungu, basi baba zetu wote waliachwa, na Yesu msalabani aliachwa kuliko wote.

Hapa mtu atasema: Basi Mungu ndiye alifanya hayo? Hapana. Panga halikushikwa na Mungu. Lilishikwa na mtu, na mara nyingine mtu yule alijua nyimbo zetu. Kaini alipomwua Abeli, Mungu hakusema kwamba ni mapenzi yake. Alimtafuta Kaini amwulize ndugu yake yuko wapi. Ulizo hilo lingali linatembea katika Ituri, kwa Mhema na kwa Mlendu, kwa Mngiti na kwa Mbira, na kwetu sisi tulionyamaza kwa sababu wauaji walikuwa wa ukoo wetu.

Lakini mbona Mungu hakuuzuia mkono ule? Wapendwa, hatutawadanganya. Jibu la ulizo hilo hatukupewa. Hata Ayubu hakulipewa. Tulichopewa ni hiki: Yesu alilia penye kaburi la Lazaro, ingawa alijua atamfufua. Na msalabani yeye mwenyewe alimwuliza Baba, Kwa nini? Kwa hiyo mama anayeuliza hivyo katika kilio chake hakufuru. Anaomba kwa namna ile ile Mwana wa Mungu aliyoomba. Naye Baba, aliyekuwa kimya siku ya Ijumaa, alimfufua Mwanawe asubuhi ya Jumapili. Huo ndio msingi wa tumaini letu. Hatuna mwingine.

Kwa hiyo tumepatana mambo matatu. Kwanza, mtu akishuhudia jinsi alivyookoka, amshukuru Mungu bila kumhukumu aliyekufa. Pili, kila mkutano wa maombi uwe na nafasi ya waliofiwa kulia na kuuliza mbele za Bwana, bila mtu kuwanyamazisha. Tatu, tukienda msibani tufanye kama rafiki za Ayubu walivyofanya siku 7 za kwanza: waliketi chini pamoja naye, kimya. Walianza kukosa walipofungua vinywa kumfafanulia. Tuchukue unga, kuni na maji, tuketi.

Kwa mama yule tulirudi. Tulimwambia: "Uliomba. Sisi ndio tuliokosa, utusamehe." Alinyamaza muda mrefu. Halafu akasogeza mkeka, akatupa nafasi ya kuketi.

Ee Baba, utusamehe Amina tuliyoitoa mahali pasipo pake. Uwakumbuke wafu wetu kwa majina yao. Uwape amani watu wa Ituri. Kwa Yesu Kristo Bwana wetu.

Amina.