Mshindani Aliye Nguoni

Mwezi huu twataka kutafakari pamoja nanyi swali moja la mapenzi: Je, mtu aifichaye nafsi yake ana haki ya kulalamika kwamba hapendwi jinsi alivyo? Swali hili si geni. Lakini sisi tutalitafuta mahali ambapo watu wazima wengi hawadhani kwamba limo, yaani katika magazeti ya hadithi za picha ya Marekani, yanayosimulia habari za mashujaa wenye nguvu za ajabu. Wazee huyaona kuwa ni ya ngumi na makelele tu, na vijana huyasoma kwa ajili ya ngumi hizo. Walakini ndani yake mna habari nyingi za wivu, na za watu wawili kumgombania mmoja, nazo zastahili kupimwa.

Na tuanze na hadithi iliyo mama wa nyingine zote. Mwaka 1938 vijana wawili wa mji wa Cleveland, Jerry Siegel aliyeandika na Joe Shuster aliyechora, walitoa katika gazeti la Action Comics habari za Superman, mtu aliyezaliwa katika ulimwengu mwingine, awezaye kuinua motokaa kwa mikono yake. Lakini siku za kazi mtu huyo huvaa suti na miwani, akajiita Clark Kent, mwandishi wa habari, mpole tena mwoga. Pamoja naye yuko mwandishi mwanamke, Lois Lane, hodari wa kazi na mwepesi wa ulimi. Clark ampenda Lois. Lois amdharau Clark, ampenda Superman. Wala hajui kwamba wawili hao ni mtu mmoja. Siegel mwenyewe alieleza baadaye kwamba wazo hilo lilitokana na ujana wake, alipowapenda wasichana ambao hawakumwangalia hata kidogo.

Tazameni basi ajabu ya jambo hili. Tukihesabu majina twaona watatu, bali tukihesabu watu twaona wawili tu. Wahenga walisema kwamba kikulacho ki nguoni mwako, na mshindani wa Clark yumo nguoni mwake kweli, maana vazi la Superman hulivaa chini ya shati lake. Amwonea wivu nani? Ajionea mwenyewe. Ataka Lois ampende yule mpole mwenye miwani. Lakini kila siku ajifanya mwoga mbele yake kwa makusudi, hukimbia penye hatari, hurudi akijitetea kwa maneno matupu. Amemwonyesha mwanamke sura ya mtu asiyefaa, kisha amlaumu moyoni kwa kutoipenda sura hiyo. Hii si haki. Mwenye duka akiweka mchele wenye mawe mezani, na ule mzuri akauficha uvunguni, asimnung'unikie mnunuzi apitaye.

Wako watakaosema: "Lois naye hana kosa? Apenda nguvu na sifa, hapendi mtu." Neno hilo lina ukweli kidogo, nasi hatulikatai. Tena halimhusu mwanamke peke yake. Mwaka 1941 William Moulton Marston alianzisha hadithi ya Wonder Woman, ambamo mambo yamegeuzwa: shujaa ni mwanamke, ajifichaye kwa jina la Diana Prince, naye ampenda askari Steve Trevor, Steve hamjali Diana, amtamani Wonder Woman. Kwa hiyo twaona kwamba macho ya wanaume na ya wanawake hupofushwa na mng'ao ule ule. Atafutaye mng'ao na ajilaumu. Lakini kosa la asiyeona halimwondolei hatia yule aliyezima taa. Lois angewezaje kuchagua vema, ikiwa yale aliyopaswa kuyajua ili achague amenyimwa?

Sasa tusikilize udhuru wa mashujaa hawa, kwa kuwa si udhuru wa mchezo. Husema: "Twaficha majina yetu ili adui zetu wasiwadhuru wapenzi wetu." Mtu akificha jambo kwa ajili ya usalama wa mwenzake, je, si upendo huo? Twajibu kwamba huenda ikawa hivyo. Lakini yafaa tuangalie matunda. Mwaka 1958 Lois alipewa gazeti lake mwenyewe, na jina lake lilimtangaza waziwazi kuwa ni mpenzi wa Superman. Humo kila mtu alijua habari hiyo, na wabaya walimkamata mara kwa mara kwa sababu hiyo hiyo. Basi siri ile ilimlinda nani? Haikumlinda Lois na hatari. Ilimlinda Superman asijulikane na Lois.

Jambo hili laonekana kwa uchungu zaidi katika habari za Spider-Man, yaani kijana Peter Parker. Tangu mwaka 1965 palikuwapo katika hadithi yake msichana Gwen Stacy, na mwaka 1966 akatokea Mary Jane Watson, na wasomaji wakashindana wenyewe kwa wenyewe juu ya yupi amfaaye. Peter alimpenda Gwen. Baba yake Gwen alipokufa katika mapigano, Gwen alimhesabu Spider-Man kuwa mwenye hatia. Hivyo alimpenda mtu na kumchukia mtu yule yule, naye Peter akaogopa kusema. Mwaka 1973 adui aitwaye Green Goblin alimteka Gwen, naye akafa pale darajani, asijue kamwe kwamba mpenzi wake ndiye Spider-Man. Lakini Green Goblin alijua. Hapo ndipo tuombapo wasomaji wetu wasimame kidogo: adui aliijua siri ambayo mchumba hakuijua. Siri iliyowekwa ili kumkinga ilimwacha peke yake gizani, hata asiweze kujihadhari.

Kuna kosa jingine tena, nalo ni la mtu asiyetaka kuchagua. Mwaka 1950 aliingizwa Lana Lang, rafiki wa utotoni wa Superman, na baadaye Lois na Lana waligombana kwa ajili yake miaka na miaka, hata gazeti la Lois lilipokoma mwaka 1974. Walichorwa wakitegeana mitego na kuoneana kijicho, na wasomaji wakaalikwa kuwacheka. Lakini ni nani aliyewafanya kuwa maadui? Ni yule aliyekaa katikati, asiyemwambia mmoja "ndiyo" wala mwingine "hapana". Mara nyingi watu wa mtaani huwacheka wanawake wawili wanaogombana, na mwanamume aliyewagombanisha hupita kimya akiwa na heshima zake. Sisi twaona kwamba swali la kwanza lapasa kuulizwa kwake.

Wengine wataleta neno la mwisho, wakisema kwamba hakuna mtu asemaye yote siku ya kwanza. Kweli. Mganga huficha habari za wagonjwa wake, askari huficha mipango ya jeshi, wala hawawadanganyi wake zao kwa kufanya hivyo, maana siri hizo ni za wengine. Tena ukimya wa haya mwanzoni mwa uchumba si uongo. Lakini kunyamaza ni kitu kimoja, na kujitengenezea mtu wa uongo ili apendwe au akataliwe mahali pako ni kitu kingine. Na aombaye ahadi ya maisha yote hana budi kumjulisha mwenziwe ni nani hasa ampaye ahadi hiyo.

Yafaa kujua kwamba Siegel mwenyewe aliliona jambo hili mapema. Mwaka 1940 aliandika hadithi ambamo Lois aijua siri ya Clark, lakini haikutolewa. Na kweli ugomvi usiokwisha huuza magazeti kuliko ndoa yenye amani! Hadithi za Superman zilipoanza kuandikwa upya mwaka 1986, Clark hakuwa mwoga tena. Alikuwa mtu wa kawaida mwenye heshima na uhodari katika kazi yake. Ndipo Lois akampenda. Akakubali kuolewa na Clark, si na Superman. Kisha mwaka 1991 Clark akamwambia yote, na mwaka 1996 wakaoana. Vivyo hivyo kwa Peter: mwaka 1984 Mary Jane alimfunulia kwamba siri yake ameijua tangu zamani, na mwaka 1987 wakafunga ndoa. Maisha yao hayakuwa mepesi baada ya hayo, lakini tangu hapo hatari iliwapata wakiwa wawili.

Twawaambia hayo vijana wetu, kwa sababu vazi la kujificha halishonwi kwa kitambaa tu. Yuko aombaye motokaa ya mwenzake ili aonekane tajiri. Yuko aifichaye kazi yake ya jasho, au mtoto aliyemzaa kwanza, au maradhi yake, au jamaa zake walio maskini. Kila mmoja husema kwamba afanya hivyo ili asimhuzunishe mpenzi wake. Na ajiulize kwa moyo mweupe: siri hii yamlinda yeye, au yanilinda mimi? Maana akipendwa kwa ajili ya vazi lile, hatapumzika kamwe. Atakaa na mshindani wake usiku na mchana, ndani ya nguo zake mwenyewe, akiogopa siku atakapovuliwa.

Mficha uchi hazai, walisema wazee. Wala hapendwi, maana hakuna ajuaye yuko wapi.