Chini ya Rundo

Mdogo wangu alitoka nyumbani kwetu Hai Malakal, hapa Juba, kuja kukitazama chuo siku ya wageni. Nilimwonyesha maktaba na msikiti. Akauliza: "Kaka, mhadhiri asipokuja, mnafanyaje?"

Nilitaka kulinda jina la chuo. Ikanijia Hadithi tuliyosoma darasani: Mtume (s.a.w.) alitia mkono katika rundo la chakula sokoni, akakuta chini kumelowa, akamkemea muuzaji kwa kuficha.

Nikamwambia ukweli: wiki nyingine tunajisomea wenyewe.

Je, nilikisaliti chuo? Naona hapana. Anayechagua chuo anatoa miaka ya umri wake na jasho la wazazi. Mgeni, uliza yaliyo chini ya rundo. Nasi wenyeji tusiyafunike; ulimi nao ni amana.