Kufika si Kupimwa

Katika nchi ya Uingereza, tangu mwaka 1988, wanawake wasio na dalili yo yote ya maradhi huitwa kupigwa picha ya eksirei ya matiti, ili saratani, kama ipo, ionekane ingali ndogo. Mwaliko huwafikia kila miaka 3, kuanzia umri wa miaka 50 hivi mpaka watimizapo 71. Kwa desturi kila titi hupigwa picha mbili, nalo hubanwa kwa muda mfupi kati ya vibao viwili vya mashine.

Walakini si kila aitikiaye mwito huondoka amepigwa picha. Mmoja mgongo wake haumruhusu kukaa sawa mbele ya mashine. Wa pili bega lake limekakamaa. Wa tatu huona kibao kinashuka, akasema basi. Siku imekwisha na picha haipo. Mwanamke huyu ana haki ya kutendewa nini?

Wako wadhanio kuwa wema ni kumshurutisha kidogo, kwa kuwa maumivu ni ya kitambo na faida yaweza kuwa ya maisha. Hoja hii ina sura ya huruma na tabia ya ubabe. Mwili una mwenyewe. Aliyeridhia kuja hakuuza haki yake ya kukataa, hata kazi ikiwa imekwisha anza.

Wako wengine ambao upole wao huelekea upande wa pili. Humwambia, “Usijali, bibi,” wakamfungulia mlango. Neno hili ni tamu, na hatari yake imo katika utamu wake. Mwanamke hurudi nyumbani akihesabu kuwa amekwenda na ametoka salama. Kesho akigusa uvimbe, atajituliza kwa kuikumbuka siku ile, achelewe kwenda kwa daktari. Amekosa jibu, naye adhani amepata jibu jema.

Basi kwanza apewe ukweli ulio wazi: picha haikupigwa, sababu ni hii, na hakuna lililojulikana juu ya matiti yake. Daftari nalo liseme hivyo hivyo, lisimtie katika hesabu ya waliopimwa kwa kuwa alivuka kizingiti tu. Pili aonyeshwe njia. Kizuizi kikiwa cha siku hiyo, apangiwe siku nyingine na muda mrefu zaidi. Kikiwa cha kudumu, afundishwe mabadiliko ya kuangalia, ayapeleke kwa daktari pasipo kungoja mwaliko. Na kukataa kwa leo kusimfungie mlango wa kesho.

Ni kweli kwamba maneno hayo yaweza kumtia hofu. Lakini hofu yenye ukweli humfikisha mtu kwa daktari, na amani ya uongo humlaza karibu na adui. Aliyeitika kwa uaminifu astahili kulipwa uaminifu: aondoke akijua, pasipo aibu, kwamba alifika lakini hakupimwa.