Waliozidisha Jua Carrizo

Kati ya mwaka 1983 na 1985, katika bonde kavu la Carrizo, jimbo la California nchini Marekani, kampuni ya ARCO Solar ilijenga mtambo wa umeme wa jua wa megawati 5.2. Kwa wakati ule hapakuwa na mtambo wa paneli za jua mkubwa kuliko huo duniani. ARCO Solar ilikuwa mali ya kampuni tajiri ya mafuta, Atlantic Richfield, lakini hata kwa tajiri paneli zilikuwa ghali. Kwa hiyo wahandisi walitaka kila paneli itoe umeme mwingi kuliko kawaida yake.

Wakasimika paneli juu ya fremu zinazogeuka kulifuata jua toka asubuhi hadi jioni, kisha zilizo nyingi wakaziwekea vioo vya kuakisi pembeni. Mwanga ambao ungeangukia ardhini ulirudishwa juu ya seli, na paneli ikapata karibu maradufu ya jua lake. Umeme uliongezeka, na kwa hesabu za karatasini hakuna aliyekuwa na sababu ya kulalamika.

Haikupita miaka mingi, paneli zikaanza kuwa za manjano, halafu kahawia. Umeme ukapungua mwaka hadi mwaka.

Ukitazama paneli ya jua unaona kioo na seli. Kuna kitu cha tatu usichokiona, kwa sababu kimetengenezwa kisionekane: utando wa plastiki angavu unaoitwa ethilini vinili aseteti, kwa kifupi EVA. Ndio unaoshikanisha seli na kioo na kuzikinga dhidi ya unyevu, na mwanga wote unaozifikia seli lazima upite ndani yake. Huo ndio ulioharibika Carrizo. Seli zenyewe za silikoni zingeweza kuendelea.

EVA, kama polima zote, ni minyororo mirefu ya molekuli. Mionzi ya urujuanimno iliyomo katika jua ina nguvu ya kuvunja viungo vya minyororo hiyo, na joto huharakisha kazi. Ikivunjika, EVA hutoa asidi asetiki, ileile iliyomo katika siki, na nyuma yake huacha viungo maradufu vilivyofuatana mfululizo. Viungo vya namna hiyo hunyonya mwanga wa buluu na urujuani. Ndiyo maana jicho huona manjano, na ndiyo maana seli hukosa chakula chake. Asidi nayo hula metali inayokusanya umeme juu ya seli. Watengenezaji walikuwa wamechanganya ndani ya EVA kiambata cha kunyonya urujuanimno. Kiambata hicho kilitumika kikaisha, na baadhi ya viambata vingine vilivyotiwa kwa nia njema vikachangia rangi hiyo hiyo.

Kuna jambo hapa ambalo kila nikilifikiria huniongezea heshima kwa waliolichunguza. Seli nyingi zilikuwa za kahawia katikati lakini angavu ukingoni. Oksijeni ilikuwa ikipenya kutoka mgongoni mwa paneli, ikapita katika nafasi zilizo kati ya seli na seli, na pale ilipofika, ikisaidiana na mwanga, iliifuta rangi. Katikati ya seli haikuweza kufika. Hewa tunayoilaumu kwa kuozesha plastiki nyingi, hapa ilikuwa inasafisha.

Paneli ambazo hazikuwekewa vioo hazikubadilika rangi kwa kasi hiyo. Kwa maoni yangu ushahidi huo unatosha: wahandisi walipiga hesabu ya umeme, hawakupiga hesabu ya plastiki. Mwaka 1990 mtambo ulikuwa umeingia mikononi mwa mmiliki mwingine, na kabla muongo huo haujaisha ukabomolewa, paneli zake zikauzwa kama mitumba. Watengenezaji walijifunza. Walibadilisha viambata vya EVA, na wengine wakatumia kioo chenye seriamu, ambacho huchuja urujuanimno kabla haujaigusa plastiki.

Sisi tunaoishi karibu na ikweta tunapata urujuanimno mkali mwaka mzima. Tazama athari yake katika taa za mbele za magari yetu. Nyingi ni za polikaboneti, plastiki nyingine angavu, na nyingi zimefifia na kuwa manjano. Fundi akizipiga msasa zinang'aa, lakini msasa huo huondoa pia koti jembamba la kiwandani lililokuwa likizikinga dhidi ya jua. Asipopaka koti jipya, manjano hurudi mapema.

Kwa hiyo, ndugu msomaji, ukinunua paneli iliyotumika, itazame juani kabla hujatoa fedha. Seli zenye wingu la kahawia katikati hazitarudi kuwa kama zamani, hata ukizisugua kwa sabuni gani. Mwambie fundi asiilaze paneli ikagusa bati. Aache nafasi hewa ipite chini yake ipunguze joto. Na mtu akikushauri kuweka kioo pembeni ili upate umeme wa ziada, mkatalie: paneli ya kawaida ya nyumbani haikutengenezwa kubeba jua la namna hiyo.