Ushahidi wa kulipwa

Mimi ni mwalimu wa madrasa, na kwa miaka minne sasa nimekuwa nikirekodi kwa simu video fupi za masuala ya nyumbani: udhu, funga, zaka, mirathi. Watazamaji walipozidi elfu arobaini, wenye biashara wakaanza kubisha hodi, wakitaka niwatangazie bidhaa zao.

Wa kwanza walikuwa watu wa mikopo ya mtandaoni. Hao hawakunipa taabu. Riba imekemewa katika Suratul Baqara (2:279) kwa tangazo la vita, na asiyetosheka na hilo na atazame tu Benki Kuu ya Tanzania, ambayo Novemba 2024 ilitoa orodha ya programu 69 za mikopo zilizokuwa zikifanya kazi bila leseni. Nilikataa, nikajiona mchamungu. Kumbe kukataa haramu iliyo wazi si jambo la kujisifia. Ni sawa na Muislamu kujisifu kwamba hali nguruwe, nyama ambayo hajawahi hata kuitamani.

Wa pili walikuja wamevaa kanzu. Walikuwa na mafuta ya habbat sauda, na wakanipa laki nne kwa video moja wakati nadaiwa kodi ya miezi mitatu. Wakaniletea na maneno ya kusema: kwamba mimi na familia yangu tunayatumia, na kwamba mzee wangu mwenye kisukari amepata nafuu. Habari ya mzee niliikata, kwani baba yangu hana kisukari. Ile ya familia nikaiacha. Chupa yenyewe ilikuwa imenifikia jana yake! Nikajiambia, bidhaa ni halali, tena habbat sauda imetajwa katika hadithi sahihi, ubaya uko wapi?

Baada ya wiki tatu mama mmoja akaniandikia: "Ustadh, mama yangu ameacha vidonge vya sukari, anasema wewe umesema mafuta yanatosha." Wallahi sikusema hivyo. Lakini bibi yule alilazwa siku nne, na mimi siku hizo nne sikulala. Alhamdulillah, alirudi nyumbani.

Tangu hapo nimekuwa nikijiuliza: nililipwa kwa kitu gani? Si kwa muda wangu, maana video ilikuwa ya dakika moja. Si kwa ujuzi wa mafuta, kwani sina. Nililipwa kwa sababu bibi yule ananiamini. Imani yake ndiyo iliyouzwa, na yeye hakushirikishwa katika biashara hiyo.

Mtume (s.a.w) alikataza najsh, yaani mtu kupandisha bei ya kitu sokoni ilhali hana haja ya kukinunua, ili mwingine avutike. Zamani nikiisomesha hadithi hiyo nilikuwa nawaza mnada wa ng'ombe. Sasa najiona mimi ndani yake. Anayesema "mimi natumia" naye hatumii, ameonyesha hamu ya uongo ili mwingine atoe fedha ya kweli. Ipo na hadithi nyingine, kwamba mwenye kutibu hali hajulikani kwa utabibu, ndiye mwenye kubeba dhamana ya madhara. Mimi sikutibu, lakini je, niko mbali kiasi gani na hapo?

Rafiki yangu mmoja alinicheka. Akasema hilo ni tangazo tu, mbona watangazaji wa redio husoma matangazo kila siku na hakuna anayewalaumu? Ni kweli, lakini redioni muziki hubadilika, msikilizaji akajua sasa anauziwa. Mimi nilikaa kwenye mkeka ule ule ninaofundishia, na kofia ile ile, msahafu nyuma yangu, nikaanza kwa bismillah. Bibi angejuaje kwamba darasa limekwisha na duka limefunguliwa?

Wala sisemi kwamba kulipwa ni aibu. Bando halinunuliwi kwa dua. Mtume (s.a.w) mwenyewe, kabla ya utume, alipeleka Sham bidhaa za Bibi Khadija (r.a) kwa ujira. Alikuwa wakala, na aliaminika kwa ukweli wake. Tofauti iko kwenye ushahidi. Kusema "bidhaa hii inauzwa mahali fulani, nami nimelipwa kuitaja" ni uwakala. Kusema "nimeijaribu, inafaa" ni shahada, na Qur'an (4:135) inataka shahada isimamiwe kwa uadilifu hata dhidi ya nafsi yako mwenyewe. Shahada haina bei. Mwenye bidhaa akiitaka hiyo, nami sina la kushuhudia, nimwambie hapana, hata bidhaa yake ikiwa ni tende za Madina.

Niliomba video iondolewe. Kampuni ikasema mkataba ni miezi sita. Nikaazima, nikarudisha laki nne zote, wakaifuta. Kisha nikarekodi nyingine kumwomba radhi bibi na kila aliyenisikia, na kuwataka wasiache dawa bila kumuuliza daktari. Ile ya mafuta ilikuwa imetazamwa na maelfu, hii ya radhi na mia chache.

Mwezi uliopita wamekuja wauza masufuria. Nimewajibu kwamba nipeni mke wangu apikie miezi miwili, halafu nitasema mwanzoni kabisa kuwa nimelipwa, na sufuria likishika ukoko nitasema pia. Hadi naandika haya hawajanijibu, na mwenye nyumba amepiga simu mara mbili.