Kuonjesha Kabla ya Kupanda

Kitu ambacho hakijakamilika kina hali ya pekee: kinaweza kuonyeshwa, lakini bado hakiwezi kutumika. Mchoro wa nyumba ni kitu cha namna hiyo, na vivyo hivyo nguo iliyopigwa bandi tu kwa fundi cherehani, au mkungu wa kwanza wa mgomba chotara. Anayekionyesha huomba wenzake wakihukumu, na hapo ndipo swali la kifalsafa linapozaliwa. Nani ana ujuzi wa kuhukumu kitu ambacho hakijawa? Aliyekibuni anaijua nia yake, lakini hatakaa nacho. Atakayekaa nacho hajapata cha kukaa nacho.

Aristotle, katika kitabu cha tatu cha Siasa, alisimama upande wa mtumiaji. Kwake, anayeishi ndani ya nyumba huihukumu vizuri kuliko aliyeijenga, mshika usukani huujua usukani kuliko seremala aliyeuchonga, na mwalikwa ndiye hakimu wa karamu, si mpishi. Mwalimu wake Plato alikwisha kwenda mbali zaidi katika kitabu cha kumi cha Jamhuri: mpiga zumari ndiye mwenye ujuzi wa zumari, ilhali fundi anayelitengeneza ana imani sahihi tu, tena ameipata kwa kumsikiliza mpigaji. Waswahili wamelisema jambo hilo kwa maneno machache: kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Lakini hoja hizi zote zinazungumzia kitanda kilichokwisha kulaliwa na zumari lililokwisha kupigwa. Zinamnyamazisha mjenzi baada ya nyumba kwisha, wakati ambapo kuibomoa ni hasara. Ugumu halisi uko nyuma zaidi, pale ambapo kubadili bado ni rahisi lakini hakuna aliyelala.

Ugumu huo unaonekana wazi Bukoba na Muleba, mkoani Kagera, kuliko mahali pengi, kwa sababu ya mgomba. Kibanja cha Mhaya hakifanani na shamba la kupanda na kung'oa kila msimu. Nyumba iko katikati yake, mibuni na maharage yanakua chini ya migomba, makaburi ya wazee yamo humo humo, na rutuba yake imejengwa kwa vizazi kwa mboji, samadi na nyasi zilizokatwa rweya, yaani uwanda wa nyasi ulio nje ya vibanja. Ndizi za kupika za huko, kama Enshakala, Enchoncho na Entobe, zimerithiwa pamoja na ardhi. Kuleta mgomba mpya katika kibanja ni karibu na kuleta mtu mpya katika ukoo.

Waliotaka kubadili mambo ya kibanja hawakuona hivyo daima. Serikali ya kikoloni ilipoleta kanuni za kilimo cha kahawa, ghasia zilizuka Bukoba mwaka 1937. Mwanzoni mwa miaka ya 1950 zilifuata kanuni za kupambana na bungua wa migomba, na upinzani ukawaka tena. Ali Migeyo wa chama cha TAA (Tanganyika African Association) alikuwa miongoni mwa wasemaji wake, na mkutano wa Kamachumu ulitawanywa na polisi kwa mabomu ya machozi. Kanuni zenyewe hazikuwa za kipuuzi. Bungua hutaga mayai kwenye shina karibu na ardhi, mabuu yake hutoboa tunguu, na usafi wa shamba humpunguza kweli. Kilichokosekana ni ile hatua ambayo wazo bado ni wazo na mwenye kibanja anaweza kusema, hapa mmekosea. Mpango ulifika ukiwa umekwisha kuwa amri, na mtu aliyeletewa amri ana njia mbili tu za kutoa maoni yake, kutii au kugoma. Watawala waliusoma mgomo huo kama ujinga. Ilikuwa haki zaidi kuusoma kama matokeo ya jaribio lililofanywa kwa kuchelewa.

Njia nyingine ilijaribiwa baadaye. Kati ya 1997 na 2002 Programu ya Maendeleo ya Jamii Kagera, iliyofadhiliwa na Ubelgiji, ilileta makumi ya maelfu ya miche ya chupa, yaani iliyooteshwa maabara. Ilikuwamo FHIA-17 na FHIA-23 kutoka kwa watafiti wa Honduras, na Yangambi Km5 inayobeba jina la kituo cha utafiti cha Kongo. Migomba hiyo ilistahimili magonjwa na kubeba mikungu mikubwa ya kushangaza macho. Hata hivyo wengi waliona kwamba baadhi yake haiingii chunguni kama ndizi ya nyumbani, wakaipa kazi nyingine: kuliwa mbivu, kukamuliwa juisi, kutengeneza pombe. Ukubwa wa mkungu ulikuwa jibu zuri, ila kwa swali ambalo mpishi hakuliuliza.

Ndipo ilipokuja kazi ya NARITA, jina lililounganishwa kutoka NARO, shirika la utafiti wa kilimo la Uganda, na IITA, taasisi ya kimataifa ya kilimo cha nchi za joto. Machotara 27 yalizalishwa Uganda kutokana na ndizi za nyanda za juu zenyewe. Kazi hiyo ni ya subira kubwa, kwa kuwa ndizi za kupika zina seti tatu za kromosomu na karibu zote hazitoi mbegu. Chache zinazoweza kutoa hupandishwa na ndizi mwitu iitwayo Calcutta 4, kisha watoto wao hupandishwa tena na ndizi nyingine iliyoboreshwa, na njia nzima huweza kula miaka 20. Machotara hayo yalipandwa kwa majaribio sehemu kadhaa za Uganda na Tanzania, ikiwemo Maruku, kituo cha utafiti kilichoko nje ya mji wa Bukoba. Wakulima waliitwa kuyatazama shambani na kuyaonja yakiwa yamepikwa. Mwaka 2021 aina nne ziliidhinishwa Tanzania kwa majina ya TARIBAN 1 hadi 4.

Tendo la kuonja lina falsafa ndani yake. Mtafiti anaweza kueleza kwa maneno kwamba chotara fulani ni laini na lina rangi ya njano likiiva motoni, na mkulima akamwelewa neno kwa neno, lakini bado hajajua lolote la kumsaidia kuamua. Ujuzi wa ndizi nzuri umekaa ulimini, katika vidole vinavyomenya, katika pua inayosubiri harufu chini ya majani yaliyofunikia chungu. Michael Polanyi, mwanafalsafa mzaliwa wa Hungaria, alitumia kitabu kizima mwaka 1966 kueleza kwamba binadamu anajua mengi kuliko anayoweza kuyasema. Mpishi wa Muleba akiulizwa ndizi bora ikoje atataja mambo manne matano, kisha ataishiwa. Akiwekewa sahani mbili mbele yake atajua papo hapo ipi ni ipi, na sababu zitafuata nyuma, pengine zikiwa sababu ambazo asubuhi hakuwa nazo. Kwa hiyo sampuli haifanyi kazi ya kubeba habari tu kutoka kwa mbunifu kwenda kwa mdau. Inauamsha ujuzi uliolala, na bila hiyo ujuzi huo hauna mlango wa kutokea. Plato aliushuku mchoro kwa kuwa ni kivuli cha kitu, na kwa jambo hili alikuwa na haki kiasi: maelezo ya ladha ni kivuli, tonge ndilo kitu chenyewe.

Lakini mgomba una kikwazo ambacho mchoro wa nyumba hauna. Mchoro huchorwa upya kesho, ilhali tonge la chotara hupatikana baada ya miaka mingi ya kazi, na likikataliwa hakuna kurudi nyuma kwa wepesi. Katika kazi ya namna hii cha kuonjeshwa mapema hakiwezi kuwa kitu chenyewe, hivyo huna budi kuonjesha swali. Kabla mbegu ya kwanza haijapatikana, mtafiti anapaswa kukaa jikoni na kupeleka mbele ya wapishi kipimo chake: je, haya ninayoyatafuta ndiyo mnayoyataka? Kosa la kipimo ni baya kuliko kosa la mgomba, kwa sababu huzaa migomba mingi yenye kosa hilo hilo.

Uaminifu wa jibu ni suala jingine, na hapa mfano wa Aristotle una kasoro. Mwalikwa anaweza kuwa hakimu bora wa karamu, ila mwalikwa mwenye adabu hasemi. Katika nyumba za Wahaya mgeni hupokewa kwa akamwani, punje za kahawa za kutafuna, na hakuna anayezipokea ili azitolee kasoro. Mkulima aliyeitwa kituoni, akakaribishwa na wataalamu, akapewa sahani na watu waliosafiri mbali kwa ajili yake, yuko katika hali ya mgeni. Sifa atakazozitoa zinaweza kuwa shukrani iliyovaa nguo za hukumu. Tena lipo jaribu la upya wenyewe, maana kipya kinyemi ingawa kidonda. Ndiyo maana katika majaribio mazuri ya ladha sahani hupewa alama badala ya majina, ndizi ya nyumbani huchanganywa humo bila kutangazwa, na kila mtu hutoa jibu lake kabla ya kusikia la jirani. Huo ni utaratibu wa kitaalamu, lakini una maana ya kimaadili. Unamwondolea mwonjaji mzigo wa kuonekana mkosefu wa shukrani, na kumpa ruhusa ya kukataa bila gharama. Pasipo ruhusa hiyo, ndiyo yake haina uzito wowote, hata ikirudiwa na watu mia.

Hapa majaribio yanatengana na mapatano, na mambo haya mawili huchanganywa mara kwa mara. Mila nyingi za Afrika Mashariki zinathamini mazungumzo ya kufikia kauli moja, na thamani hiyo ni ya kweli katika kuamua ugomvi wa mpaka au mirathi. Jaribio linatafuta kinyume chake. Sauti ya mmoja anayesema ndizi hii inakuwa ngumu ikipoa inaweza kuwa na faida kuliko makofi ya kijiji kizima, kwa kuwa ndiye pekee anayewapikia asubuhi watoto watakaokula mchana. Kauli kwamba mkataa wengi ni mchawi inalinda umoja wa kijiji, lakini kwenye meza ya kuonjea inaua kile hasa kilichofuatwa. Henry Odera Oruka wa Chuo Kikuu cha Nairobi, katika kazi yake juu ya hekima ya wazee wa Kenya, alitofautisha mzee anayeijua na kuieleza mila ya watu wake na mzee anayeipima mila hiyo kwa akili yake mwenyewe. Tofauti hiyo inafaa hapa. Mwonjaji wa aina ya kwanza atasema hii si yetu, na atakuwa amesema kweli. Wa aina ya pili atasema si yetu, lakini ugonjwa wa mnyauko wa migomba uliothibitishwa Kagera mwaka 2006 umetufundisha kwamba yetu nayo inaweza kwisha. Basi tuone ipi tunaweza kuizoea na ipi hatuwezi. Wote wawili wanahitajika mezani, na si haki kumwita wa kwanza mkaidi.

Kisha kuna swali la nani ameketi mezani. Kwa mila ya Kihaya ardhi ya ukoo ilishikwa na wanaume, na mwaka 1990 tu Mahakama Kuu iliyoketi Mwanza, chini ya Jaji Mwalusanya, iliamua kwamba mwanamke naye anaweza kuuza ardhi ya ukoo aliyoirithi. Jaribio linalomwita mwenye kibanja kwa maana ya hati linaweza kumpata mtu anayejua bei ya mkungu sokoni, na kumkosa anayejua chungu kinachukua kuni kiasi gani. Neno wadau linaficha jambo hili kwa sababu linawaweka wote kwenye kapu moja. Anayepika, anayeuza, anayekamua pombe na anayekula tu, kila mmoja analala upande tofauti wa kitanda kile kile. Hukumu zao zikijumlishwa na kugawanywa kupata wastani, hutokea ndizi isiyo ya mtu yeyote.

Aliye mbali zaidi na meza ni ambaye hajazaliwa. Kibanja huishi kuliko mwonjaji, na mgomba unaochaguliwa leo utapikwa na watu ambao ndimi zao hazijulikani. Hoja hii hutumiwa wakati mwingine kumnyang'anya mwonjaji wa leo neno lake, kwamba yeye anatazama sahani na mtafiti anatazama karne. Haisimami. Mtafiti naye hana ulimi wa kesho, na kati ya wawili wasioujua wakati ujao, aliyekabidhiwa makaburi na watoto katika kibanja hicho hicho ana sababu nzito zaidi ya kuujali.

Kwa hiyo jaribio la mgomba haliwezi kuishia kwenye sahani. Tonge moja linapima ladha ya siku moja, tena ya ndizi iliyokulia kituoni. Hatua inayofuata ni mashina machache katika kona ya kibanja cha mkulima mwenyewe, kwa samadi yake, karibu na Enshakala aliyoachiwa na babake, kwa mizao kadhaa. Hapo maswali ya dodoso hupungua umuhimu, maana jibu linaonekana kwenye machipukizi. Mgomba uliokubalika machipukizi yake huombwa na jirani, hupelekwa kwa mtoto wa kike aliyeolewa, huvuka bonde bila mtaalamu kujua. Usiokubalika huachwa bila kupaliwa, kisha siku moja hukatwa kimya kimya na nafasi yake kujazwa na wa zamani. Mtafiti anayerudi kuhesabu anapaswa kuhesabu na hayo mashimo yaliyojazwa, na kumuuliza aliyekata, akiwa jikoni kwake na si kituoni, alichokosa.